Balbu ya Barazani kwa Latifah

Koboko, 11 Februari 2025

Dada yangu Sadiya,

Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi kwa dada aliyenibeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Huku sisi wazima. Mke wangu Ayikoru amenenepa, yeye anasema nguo ndizo zimepungua. Mbuzi wako niliyekufugia amezaa mapacha, na mmoja ana hasira kama marehemu baba. Nimempa jina la baba, lakini usiwaambie wazee.

Umekataa simu zangu. Unasema kwenye simu nachekacheka mpaka neno lenyewe linapotea, kwa hiyo niandike. Sawa. Shule iliniacha darasa la tano, au mimi niliiacha, tulikosana tu. Lakini barabara ilinimalizia masomo. Nani katika ukoo wetu amekula pilau Mombasa, akapigwa mvua Goma, akakimbia risasi Juba na sufuria kichwani? Barua hizi atazibeba Anguzu, dereva wa taksi ya Arua. Huyo habari yetu haimhusu, yeye anapenda redio yake tu.

Basi, neno lenyewe. Latifah mtoto wako amerudi kwa mumewe Ijumaa, kama wazee wa pande mbili walivyotaka na kama wewe ulivyokubali. Nilimsindikiza mimi mjomba wake. Vile vidole viwili Shafiki alivyomfungia mlango mwaka jana bado havikunjiki, anashika kikombe kama bibi harusi wa kizungu. Shafiki aliapa mbele ya wote kwamba hatamgusa tena. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Mkwe, mimi nacheka sana, lakini mikono yangu haijui utani." Akasema amesikia. Anapasua mbao kila siku, mabega yake kama ya ng'ombe, lakini alisikia.

Simu ya Latifah unajua Shafiki aliivunja kwa nyundo. Kwa hiyo nimefanya kazi ya akili. Nimefunga balbu barazani kwake, na kutoka uwanjani kwangu naiona ng'ambo ya kijito, nyeupe kama jino. Jua likizama, anawasha. Mkono wa mtu ukipanda juu yake, anabonyeza swichi iliyo karibu na mlango wa jiko. Basi! Giza likiingia pale, na mimi naingia. Shafiki nilimweleza wazi, ili aogope.

Utauliza, umeme wa Koboko je, unaokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu? Nimeshalifikiria hilo. Ni balbu ya LED yenye betri ndani, umeme ukikatika inaendelea. Na mvua? Nimeifunika kwa chupa ya plastiki ya mayonezi, nikaziba kwa gundi pande zote, hata mbu hapiti. Sanduku lake linasema saa elfu ishirini na tano. Nikapiga hesabu kwa usiku tu, inakaribia miaka sita kuweka na kuacha. Dada, hii balbu itatuzika sote. Lala usingizi.

Ndugu yako, mfalme wa mwanga Koboko nzima,
Tahiru


Arua, 24 Februari 2025

Mdogo wangu Tahiru,

Nimepata barua. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mkwe wangu Viola amejifungua mtoto wa kiume hapa nyumbani, anafanana na sisi, masikini. Goti langu halikubali hata ngazi ya msikiti. Nitaswali nyumbani Ramadhani yote.

Sanduku linasema miaka sita. Je, sanduku lenyewe limeishi miaka mingapi? Mtu aliyeiandika hiyo alikuwa Koboko? Alikaa na umeme wenu?

Usiniandikie habari za Mombasa. Niandikie mtoto anakula nini, anacheka au hacheki.

Kuhusu mimi kukubali, usiniulize. Nimeona ulivyoiweka katikati ya maneno kama mfupa kwenye wali.

Dada yako,
Sadiya


Koboko, 19 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Idi ilipita vizuri, asante kwa kitambaa. Ayikoru amekwenda Omugo kumuuguza mama yake, kwa hiyo napika mwenyewe na mbwa wa jirani wananihurumia.

Latifah alikula vizuri mwezi wote wa Ramadhani, na alicheka. Nilifika kwake kufuturu mara nyingi. Shafiki alinimiminia chai kwa mkono wake. Naanza na hilo ili ujue.

Jumanne iliyopita nimemaliza kuswali magharibi, natoka nje, naangalia ng'ambo. Giza. Nikafuta macho. Giza. Nikapiga kelele, "Ondoga!" Huyo ni jirani yangu, mchoma nyama pale stendi. Akatoka na ule mti wake wa kuchochea moto. Mimi nilishika mpini wa jembe. Tukashuka. Pale kijitoni niliteleza, simu yangu ikaingia majini, sikugeuka. Nilikuwa naona vile vidole.

Tunaingia uwanjani, nani yuko barazani? Shafiki, juu ya kigoda, mkono ameuinua, ameshika balbu yangu. Latifah simwoni. Nikajua amemaliza kazi, sasa anaficha taa. Sikuuliza. Mpini wangu ulimkuta mbavuni, akaanguka na kigoda. Ondoga akamshukia kwa ule mti. Mkono wa kulia nilisikia ukivunjika, mlio kama muwa. Alipofungua mdomo aseme, nikampiga mdomoni. Meno mawili yalinitoboa ngumi yakang'oka, alama ninazo. Alikuwa analia, "Mjomba, mjomba," na mimi kila "mjomba" naiongezea nyingine.

Latifah alitoka jikoni na unga mikononi. Akajitupa juu yake. "Muache! Imekufa yenyewe! Taa imekufa yenyewe!"

Ondoga akasimama, mti juu. Akaniangalia. "Tahiru, iko nini hii? Mutu alikuwa nabadilisha taa?"

Kwenye mfuko wa shati la Shafiki mlikuwa na balbu mpya. Alinunua wiki nyingi nyuma, akaiweka akiba. Latifah alisema kila jioni Shafiki alikuwa anaitazama ile ya kwangu kabla hata yeye hajaitazama. Ilipozimika, alirukia kigoda bila viatu, kwa kuniogopa mimi.

Tulimbeba hospitali, mimi kichwa, Ondoga miguu. Njiani alinitapikia damu. Sikusema kitu. Uliza mtu yeyote kama amewahi kusikia Tahiru hasemi kitu.

Kesho yake niliichukua ile balbu nikaipasua mezani. Vile vidoto vya njano ndani vilikuwa vizima, kama mbegu mpya. Kilichokufa ni kile kidude cha nyuma kinachopokea umeme, kimevimba na kupasuka kichwa. Dada, hizi balbu haziogopi mvua. Zinaogopa joto lao zenyewe. Zinatoa moto nyuma, na moto unataka pa kutokea, na mimi niliifunga ndani ya chupa ya mayonezi na gundi pande zote. Niliipika. Miaka sita niliipika kwa miezi miwili.

Ndugu yako,
Tahiru


Arua, 3 Mei 2025

Tahiru,

Mtoto wa Viola anaendelea vizuri. Goti ni lile lile.

Wazee wa Shafiki walikuja kwangu na mama yake. Mama yule alikaa kwenye mkeka wangu akanionyesha meno ya mwanawe kwenye kitambaa. Nilitazama chini. Mimi Sadiya nilitazama chini mbele ya mama wa mtu aliyefunga mlango juu ya vidole vya mtoto wangu, kwa sababu yako.

Wamesema, na wazee wetu wakakubali, kwamba usikanyage tena uwanja wa Shafiki mpaka uitwe kwa mdomo wa mtu. Si kwa taa. Kwa mdomo wa mtu. Na mimi nilisema sawa. Mbuzi wangu na mapacha wake wamekwenda kwao, ndiyo fidia. Hata yule mwenye jina la baba.

Nakuuliza jambo moja ambalo hukuliandika. Mlipokuwa mnambeba, Latifah alikuambia nini wewe?

Sadiya


Koboko, 15 Juni 2025

Dada yangu,

Idi ya kuchinja tumeila, nyama ilikuwa ngumu kama mwanasheria. Ayikoru bado yuko Omugo. Simu bado sina, na nimegundua mtu bila simu anaishi kama sultani, hakuna anayemdai hata salamu.

Uwanja wa Shafiki sijakanyaga. Nimefuata neno la wazee. Balbu nyingine nilimpa Ondoga akaifunga, bila chupa, inapumua vizuri chini ya bati. Ila bati lenyewe mchana linakuwa kikaango, na umeme wa mwezi huu unapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Sasa balbu inapepesa. Inazima, unahesabu pumzi kidogo, inawaka. Mara mbili nilikimbia mpaka kijitoni nikasimama kwenye maji na mpini mkononi, naangalia. Ikawaka. Mara ya pili vijana wa kwa Shafiki walikuwa ng'ambo wananitazama. Mmoja akaita, "Mzee Tahiru! Iko salama, rudi ukalale! Balbu inakohoa tu!" Wakacheka mpaka nami nikacheka. Ungekuwepo ungecheka.

Kwenye duka langu la balbu sokoni wananiita Saa Elfu. "Saa Elfu, nipe ile ya miezi miwili." Nawauzia huku natabasamu. Nawaambia ukweli pia, siku hizi nawaambia: usiifunike, usiiweke karibu na bati, sanduku ni maneno ya mtu aliye mbali. Ajabu, wananunua zaidi.

Shafiki mkono umepona lakini umepinda, msumeno haushiki vizuri. Kazi imepungua, anakaa nyumbani.

Latifah nilimwona sokoni Jumatano. Alikuwa mzima. Mtandio ameushusha mpaka kwenye nyusi, jua lilikuwa kali. Akasimama kwenye meza yangu, akagusa balbu moja baada ya nyingine. "Mjomba," akasema, "ipi kati ya hizi haizimiki yenyewe?" Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo bado hawajaitengeneza, wakiitengeneza nitafilisika." Hakucheka. Akaenda.

Ulichouliza, aliniambia nini siku ile. Barabara ilikuwa mbaya, sikusikia vizuri.

Tahiru


Arua, 27 Juni 2025

Tahiru,

Sina habari za nyumbani leo.

Mtandio uko kwenye nyusi kwa nini? Mtoto wangu hajawahi kufunika uso kwa ajili ya jua, tangu mdogo analiangalia jua mpaka linaona haya. Shafiki anakaa nyumbani mchana kutwa na mkono uliopinda, halafu wewe unaniandikia alikuwa mzima.

Namba yako haiingii. Ayikoru simu yake imezimwa, huko Omugo mtandao shida. Anguzu ameniapia kwamba barua hii utaipata kesho.

Nasahau maneno ya wazee. Nasahau mkeka na meno. Nenda. Usisubiri kuitwa, usisubiri taa. Nenda mchana, mwambie avue mtandio, umtazame, umlete kwangu. Wakikupiga, wakupige. Umeshapigwa Juba, utapigwa Koboko pia.

Sadiya


Koboko, 12 Julai 2025

Dada,

Barua yako ya tarehe 27 nimeipata jana. Gia ya taksi ilikatika Arua, gari likakaa gereji, na barua ikakaa ndani ya gari kwenye kijisanduku. Anguzu alinipa huku analia. Nilimshika koo. Halafu nikamwachia.

Ondoga alikupigia simu, najua unajua kwamba Latifah yuko hai na ameletwa Arua. Haya ninayoandika ni yale ambayo Ondoga hakuyaona.

Jumanne jioni nilikuwa nje nakula maharage. Taa ya ng'ambo ikazima. Nikahesabu pumzi. Haikuwaka. Nikasema, kwa sauti, hakuna mtu pale, nilijisemea mwenyewe: "Basi na hii imekufa." Nikaendelea kula. Nilifuta sahani kwa kipande cha mkate, dada. Nikafikiri, kesho nitampa Ondoga nyingine apeleke. Nikafikiri wale vijana wako kijitoni wananisubiri wacheke. Nikalala.

Asubuhi Ondoga alikuwa amekwenda kununua nyama. Nikaona ni balbu tu, nitaikabidhi getini, sitakanyaga ndani. Nilivuka nikipiga mluzi.

Shafiki alikuwa barazani, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Shati lake lilikuwa na damu mpaka kwenye kola, imekauka, amekaa nayo hivyo. Akaniangalia mkononi. "Mjomba," akasema, "umekuja kubadilisha balbu?"

Nikapita kando yake. Latifah alikuwa kwenye sakafu ya jiko, mgongo kwenye mlango. Alimpiga kwa mchi wa kinu. Taya limekwenda upande. Jicho moja sikuliona liko wapi, uso umelifunika. Mkono wenye vidole vile ulikuwa umeinuliwa ukutani, chini ya swichi, na ukuta una mistari mitano ya damu inayoteremka. Alikuwa anapumua kama mtu anayenywa kitu cha moto.

Sijui kwa nini nilifanya hivi. Nilibonyeza swichi. Barazani ikawaka, nyeupe, haina hata tatizo.

Ule mchi ulikuwa pale pale. Niliuokota. Nilitoka nao. Shafiki alikuwa amesimama, chai imemwagika, na alinyoosha shingo, dada, kama anayesubiri kinyozi. Nilimpiga goti moja, likaenda. Akaanguka kwenye ngazi. Nikauinua kwa ajili ya kichwa. Nilitaka. Nakuambia nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Nyuma yangu Latifah akatoa sauti, si neno, sauti tu. Nikaona mikono yangu ni miwili, na nikiutumia mchi sitakuwa na ya kumbeba. Nikautupa. Nilimbeba mpaka barabarani, ananivujia shingoni, na kila niliyekutana naye alinipisha njia.

Ayikoru alikuwa ameshuka kutoka Omugo mchana ule, ndiye aliyepanda naye ambulensi kutoka hospitali ya hapa mpaka Arua. Mimi polisi walinibakiza kwa maelezo. Shafiki hakukimbia, goti halikumruhusu. Wamemchukua, yuko chini ya ulinzi hospitalini.

Ulichouliza mwezi wa tano. Siku ile tulipombeba Shafiki, Latifah alitembea kando yangu, akaniambia, "Mjomba, sasa umenimaliza. Akipona, hatakuogopa tena, atakuchukia, na wewe hutakuwepo, nitakuwepo mimi." Nilisikia vizuri sana. Barabara haikuwa mbaya.

Niambie kama anaongea. Niambie chochote.

Tahiru


Arua, 20 Agosti 2025

Tahiru,

Nimechelewa kujibu. Sikutaka.

Haongei bado, taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Jicho limebaki, daktari anasema litaona ukungu. Mtoto wa Viola analala naye kitandani, hataki alale kwingine. Akilia, Latifah anampapasa kwa ule mkono usiokunjika.

Jumapili walikuja tena. Baba yake Shafiki na wazee wawili wa kwao, na wazee wetu wawili, wale wale waliokaa mwezi wa pili. Walileta sukari na jogoo. Mzee wetu mkubwa akaanza kwa dua. Kisha akasema kesi ya polisi inaweza kuondolewa kama sisi tukienda kuomba, kwamba kijana ameharibika goti na mkono kwa ajili ya ukoo wetu, kwamba damu imetoka pande zote kwa hiyo imelingana. Kwamba mke akipona anarudi kwake, safari hii kwa masharti.

Nilikuwa natwanga karanga za uji wake. Nikanyanyuka, goti na yote. Nilimpiga baba yake Shafiki begani kwa mchi, akaketi juu ya jogoo. Mzee wetu akasema, "Sadiya, umepata wazimu?" Nikampiga na yeye, kwenye mkono ulioinuka kwa dua. Alipiga kelele kama mtoto. Wengine walikimbia na viatu mkononi. Nilitupa sukari nje ikapasuka, kuku wa mtaa mzima wamekula tamu. Nikawaambia, mtaa usikie, kwamba mwezi wa pili mlikuja mkanikuta nimekaa, na mimi nikasema sawa. Leo mmenikuta nimesimama. Kesi haiondoki, na mtoto haendi. Atakayemfuata aje kwanza anivuke mimi.

Halafu nikaanguka, goti halikuwa tayari. Viola alinivuta ndani. Latifah alikuwa amesimama dirishani, ameyaona yote. Waya haumruhusu kucheka. Machozi tu yalikuwa yanashuka na mabega yanatikisika, sijui lipi ni lipi.

Watarudi, wao si watu wa kuchoka, na mimi sitasimama mara nyingi kwa goti hili. Nataka mtu mlangoni mchana. Mwachie Ayikoru duka.

Nilimuuliza kama anataka kukuona. Hakukubali kwa kichwa, wala hakukataa. Alinigeuzia mgongo akamfunika mtoto. Nilimuuliza tena jana, vile vile.

Njoo. Utakaa nje, kwenye ngazi, mpaka aamue.

Sadiya